Kilemba, Ufunguo na Nyumba za Msajili

Katika ugomvi wa nyumba mjini Dar es Salaam, mpangaji anayepangisha wenzake amebebeshwa lawama kwa miaka mingi. Mwenye nyumba humwona mwizi wa mali isiyo yake, majirani humwona mjanja, na yule aliyepangishwa naye humwita mnyonyaji siku wanapokosana. Lawama hizo zina ukweli wake, ila hazielezi kwa nini ugomvi huo ulijazana katika baadhi ya majengo na kuyapita mengine, wala kwa nini ulipamba moto katika miaka fulani na si mingine. Tabia za watu hazibadiliki mtaa kwa mtaa. Hoja yangu ni kwamba kupangisha kwa mlango wa nyuma kulizaliwa na pengo kati ya kodi iliyoandikwa kwenye daftari na kodi ambayo mtu mwingine alikuwa tayari kulipa. Sheria iliweza kuizuia kodi isipande, lakini haikuweza kuizuia nyumba isipande thamani. Thamani hiyo ilikuwa lazima iingie mfukoni mwa mtu, na mara nyingi iliingia mfukoni mwa aliyeshika ufunguo.

Kilemba, yaani fedha anayotoa mtu mkononi ili aachiwe nyumba au duka, kilikuwapo mjini kabla ya uhuru. Kilinawiri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na miaka iliyofuata, watu walipoongezeka mjini huku vifaa vya ujenzi vikiadimika. Serikali ya kikoloni iliogopa malalamiko ikadhibiti kodi. Dawa hiyo haikuwa ngeni kwa Waingereza: mwaka 1915 walikuwa wameitumia kwao, baada ya wapangaji wa Glasgow, wanawake wakiwa mstari wa mbele, kugoma kulipa nyongeza za wakati wa vita. Nchini Kenya ilikuja mwaka 1940, na Tanganyika nayo ikawa na yake katika miaka hiyo ya vita. Uhindini, mtaa wa Wahindi katikati ya Dar es Salaam, kwenye majengo ya ghorofa yenye maduka chini na familia juu, matokeo yalionekana upesi. Mwenye nyumba aliyekatazwa kuongeza kodi ya mwezi alidai fedha ya kuingilia. Mpangaji aliyekwisha kuilipa naye hakuona sababu ya kuondoka mikono mitupu, akaidai kwa anayemfuata. Wafanyabiashara wengi wa pale walikuwa na jamaa Bombay, ambako mtindo huo huo ulikuwa umestawi chini ya udhibiti wa namna hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Serikali huru iliirithi hofu ile ile na kuiongezea itikadi. Mwaka 1962 ilitunga sheria yake ya kudhibiti kodi, na mwaka huo huo ikaunda Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanza kubomoa vibanda vya udongo Magomeni na kujenga kota mahali pake. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi wa chama tawala, TANU, au wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwenye nyumba za kodi akahesabiwa kupe pamoja na bepari na kabaila. Kisha, Aprili 1971, ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo. Jengo lililopangishwa, lote au sehemu yake, likiwa na thamani inayozidi shilingi 100,000, lilichukuliwa na Serikali. Yalichukuliwa majengo karibu 3,000 nchini, mengi mno yakiwa ya Watanzania wa asili ya Asia. Jengo lenye umri wa zaidi ya miaka kumi halikulipiwa fidia, kwa hoja kwamba kodi zilikwisha kumrudishia mwenyewe gharama zake. Lililo changa zaidi lililipiwa kadiri ya umri wake. Wachache walikata rufaa wakarudishiwa. Yote yaliyobaki yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na tangu hapo watu wakayaita nyumba za Msajili, jina ambalo wazee wa mjini hawajaliacha hata baada ya ofisi hiyo kuunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba mwaka 1971 ulimaliza ukabaila wa mijini. Ulimwondoa mwenye nyumba mwenye hati. Kazi yake, ile ya kukusanya tofauti kati ya kodi na thamani, ilibaki wazi ikisubiri mtu. Msajili hakuwa na uwezo wa kuifanya, na kwa siasa za wakati ule hakutakiwa kuifanya. Alikuwa na makarani, daftari la majina na maelfu ya milango. Hakujua nani analala nyuma ya kila mlango, mradi kodi ililetwa na stakabadhi ikatolewa kwa jina lililo daftarini. Wakati huo mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa ukifura: watu kama 356,000 katika sensa ya 1967, wakawa 843,000 mwaka 1978, wakapita milioni 1.3 mwaka 1988. Katikati ya mji hakukujengwa kwa kasi inayokaribia hiyo, kwani nani angejenga jengo la kupangisha baada ya kuona yaliyowapata waliotangulia? Vyumba vilikuwa vile vile, waliovitaka wakaongezeka maradufu.

Kisha fedha yenyewe ikayeyuka. Kuanzia 1984 wafanyabiashara waliruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na duka lililokuwa likiuza rafu tupu likageuka mgodi. Mwaka 1986, katika masharti ya kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, dola iliyokuwa shilingi 17 ikawa 40. Kufikia 1990 ilikaribia 200. Kodi ya Msajili ilikwenda mwendo wa kinyonga. Kwa hesabu ya kubuni tu, tuseme duka linalipiwa shilingi 500 kwa mwezi wakati muuza vitenge yuko tayari kulipa 5,000. Tofauti ya miezi 24 peke yake ni shilingi 108,000. Mpangaji akidai kilemba cha kiasi hicho, hafanyi uchawi wowote: anauza kwa mkupuo mapato ambayo mwenye nyumba ameyakataa. Asipotaka kuuza, anapangisha na kulishwa na tofauti hiyo kila mwezi. Ndiyo maana kesi hizo zilizidi madukani kuliko vyumbani, na katikati ya mji kuliko pembeni.

Sheria haikulala. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya 1984, iliyochukua nafasi ya ile ya 1962, ilikataza kilemba, na ilihesabu kupangisha bila ridhaa ya mwenye nyumba kuwa sababu ya kumwondoa mpangaji. Lakini sheria hiyo hiyo ilimlinda mpangaji asifukuzwe bila amri ya baraza la nyumba, na baraza lilitaka ushahidi. Ushahidi gani? Jina halikubadilika, stakabadhi hazikubadilika, na aliyemo ndani alijulikana kuwa ni mpwa au msaidizi wa dukani. Wenye akili zaidi waliandikiana mkataba wa ubia, au wakaifanya kampuni kuwa mpangaji kisha wakauziana hisa. Kampuni ikabaki pale pale huku wenyewe wakibadilika kila baada ya miaka michache. Anayepaswa kuhurumiwa katika mpango huo ni yule aliyelipa. Kilemba hakikuwa na stakabadhi, na chumba hakikuwa na jina lake. Mpangaji wa daftarini akifa, warithi wake walibisha hodi wakidai chao. Msajili akigundua, aliyelipa ndiye aliyetolewa vitu nje. Ugomvi uliofika barazani ukiwa kati ya mwenye nyumba na mpangaji mara nyingi ulikuwa na mtu wa tatu aliyekaa kimya ukumbini, na huyo ndiye aliyekuwa na fedha nyingi zaidi za kupoteza.

Utetezi wenye nguvu kuliko wote wa mpangaji ulihusu ukarabati. Kodi ndogo haikutosha kupaka rangi, seuze kubadili mabomba, na majengo ya Msajili yalichakaa mbele ya macho ya watu. Mpangaji aliyeweka vigae, akaziba paa na kuvuta waya mpya alijiona ameinunua nyumba kidogo kidogo, na kilemba alikiona marejesho ya gharama zake. Madai hayo siyapuuzi. Lakini yanaishia mahali: kilemba hakikulingana na kilichotengenezwa, kililingana na mtaa. Chumba kibovu kwenye kona nzuri ya Kariakoo kilitoa kilemba kikubwa kuliko chumba kilichokarabatiwa vizuri uchochoroni.

Ushahidi mwingine unatoka kwenye nyumba ambazo ugomvi huu haukuzivamia sana. Ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na ua nyuma, imewahifadhi wakazi wengi wa mji kuliko ghorofa zote za Msajili. Humo kila chumba kina mpangaji wake, na mwenye nyumba, mara nyingi mama aliyerithi au aliyejenga mwenyewe, anaishi chumba cha mbele. Kodi ilipandishwa kwa maneno ya mdomoni, sheria ikiwa mbali. Mpangaji aliyetaka kumwingiza mwingine angemwingiza wapi, na faida yake ingetoka wapi, ikiwa kodi anayolipa ndiyo ya mtaani? Ugomvi wa humo ulikuwa wa maji, wageni wasioondoka na umeme. Nairobi nayo inasema hivyo hivyo kwa upande wa pili: katika nyumba zilizojengwa na baraza la jiji huko Eastlands, ambako mwenye nyumba ni ofisi na kodi imeachwa nyuma na soko, kupangishiwa na mpangaji kumekuwa jambo la kawaida kwa miongo mingi.

Yupo atakayesema kwamba hoja hii inawapigia debe wenye nyumba, kwamba udhibiti wa kodi uliwalinda karani, mwalimu na mjane, na kuuondoa ni kuwatupa mitaani. Kwa aliyekuwamo ndani tayari, ulinzi ulikuwa wa kweli. Familia nyingi zilisomesha watoto kwa sababu kodi ya Msajili haikuwameza. Tatizo ni kwamba ulinzi huo ulimfuata mtu bila kuuliza kipato chake, na ulimwacha nje kila aliyefika mjini baadaye. Kijana wa mwaka 1988 aliyetafuta chumba katikati ya mji hakukutana na kodi ya Serikali. Alikutana na kodi ya soko, ikikusanywa na mpangaji wa 1972. Ruzuku iliyokusudiwa kwa mnyonge ilikwisha kubadili mikono kabla hajafika.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwenye yaliyofuata. Mwaka 1992 mashirika kadhaa ya umma, likiwamo Shirika la Nyumba, yaliondolewa kwenye udhibiti wa kodi, na mwaka 2005 sheria yenyewe ikafutwa. Kama pengo ndilo lililokuwa chanzo, mbona Shirika limeendelea kutangaza operesheni dhidi ya wapangaji wanaopangisha? Jibu la kwanza ni kwamba ruhusa ya kupandisha kodi si sawa na kuipandisha. Mwenye nyumba wa umma ana wapangaji wenye sauti, na kila nyongeza hugeuka siasa. Kodi zake zimekuwa zikilifukuza soko bila kulikamata. Jibu la pili ni kwamba pengo jipya limezaliwa upande wa masharti ya malipo. Mwenye fremu ya duka Kariakoo hudai kodi ya mwaka mzima kwa pamoja. Mwenye mtaji huilipa, kisha huigawa fremu kwa wauzaji watatu au wanne wanaomlipa kwa mwezi au kwa siku, kila mmoja na meza yake. Anachouza hapo ni muda na vipande vidogo ambavyo mwenye jengo hataki kuhangaika navyo, na bei yake hapo ni ya haki kuliko ilivyokuwa ya mwenye kilemba, kwa kuwa anabeba hatari ya fremu kukaa tupu. Sheria ya Ardhi ya 1999 imempa hata njia: mpangaji asipangishe bila ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba, na ridhaa hiyo isizuiwe pasipo sababu ya msingi. Wachache huiomba. Kuiomba ni kumwonyesha mwenye jengo fremu yake inaingiza kiasi gani, na mkataba wa mwaka unaofuata utaandikwa kwa hesabu hiyo.