Watongwe na Elimu ya Sokwe katika Milima ya Mahale

Upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kusini ya Kigoma, iko milima ya Mahale, ambayo kilele chake kirefu, Nkungwe, chafikia meta 2,462. Karibu na ziwa umo msitu mnene. Kwingineko ni miombo, na juu mlimani huota mianzi na majani. Hapo zamani Watongwe walikaa humo katika vijiji vya watu wachache, wakilima, wakivua samaki na kurina asali.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kuwachungua sokwe wa pande hizo mwaka wa 1961. Mwaka wa 1965 Toshisada Nishida alifika Kasoge, akawavuta sokwe kwa miwa, nao mwaka uliofuata wakaanza kuizoea. Habari hiyo husimuliwa kana kwamba ni kazi ya wageni peke yao. Lakini waliowaongoza njiani na kuwatajia miti ni Watongwe. Mwaka wa 1981 Nishida na Uehara walitoa orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe, maana chakula cha sokwe hakikuweza kuandikwa pasipo majina hayo.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa mwaka wa 1987. Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa dawa, walikuwa wakimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku, aliyekuwa mgonjwa. Walimwona akimenya vijiti vya mti mchungu, akatafuna kiini chake na kumeza maji yake. Siku ya pili akapata nafuu. Mohamedi aliutambua mti huo mara moja: ni mjonso, ambao Watongwe hutumia kwa homa ya malaria na maradhi ya tumbo. Habari hiyo ilipochapishwa mwaka wa 1989, majina ya wote wawili yaliandikwa pamoja. Asiyejua mjonso angedhani kwamba sokwe anakula tu.

Walakini, katikati ya miaka ya 1970, wakati wa kuanzishwa vijiji vya ujamaa, Watongwe walihamishwa kutoka milimani; na mwaka wa 1985 nchi hiyo, yapata kilometa za mraba 1,613, ikafanywa Hifadhi ya Taifa. Msitu ukapata ulinzi. Watalii hufika kwa mashua au kwa ndege ndogo, kisha huwafuata kwa miguu sokwe wa kundi la M, waliozoeshwa watu kwa kazi ile ile ya miaka mingi.

Basi hifadhi imelinda miti, bali haikuwekewa kazi ya kulinda majina yake. Mtoto wa Kitongwe aliyezaliwa nje ya msitu hana tena njia ya kila siku ya kujifunza mjonso ni upi. Kwa sababu hiyo orodha ile ya mwaka wa 1981 yastahili kusomwa na wanaisimu pia, wala si na wataalamu wa wanyama peke yao. Na historia ya Mahale yapasa kuwahesabu Watongwe miongoni mwa walimu wake.