Bega Lililoumia na Deni la Jamii

Fidia ni malipo anayopewa mtu kwa ajili ya hasara au madhara yaliyompata. Kwa kawaida, anayedai fidia mahakamani hupaswa kuonyesha nani aliyekosea. Je, sheria imsaidieje mtu aliyeumia kwa jambo lililofanywa kwa nia njema na kwa manufaa ya umma? Marekani ililijibu swali hili kwa kutunga sheria, na historia ya jibu hilo inamfaa kila raia kuijua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazazi wengi nchini humo waliyashtaki makampuni yaliyotengeneza chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, wakidai kuwa watoto wao wamedhurika. Baadhi ya makampuni yaliacha kuitengeneza, na ikahofiwa kuwa chanjo zitaadimika. Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria mpya, na tangu 1988 madai yanapokelewa kwa utaratibu wake. Mdai huanzia katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho mjini Washington, na mdaiwa ni Waziri wa Afya. Halazimiki kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Fedha hutoka katika mfuko unaojazwa kwa kodi ya senti 75 za dola kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi.

Bega liliingiaje katika habari hii? Sindano ya chanjo huchomwa kwenye msuli wa juu ya mkono. Ikichomwa juu mno, huweza kufika kwenye kiungo cha bega na kusababisha uvimbe, maumivu na ugumu wa kuinua mkono. Mwaka 2010 madaktari walichapisha uchunguzi wa watu 13 waliopatwa na hali hiyo. Mwaka 2017 jeraha hilo likaingizwa katika jedwali la madhara yanayotambuliwa na sheria. Maumivu yakianza ndani ya saa 48 baada ya sindano, na masharti mengine yakitimia, sheria huchukulia kuwa chanjo ndiyo chanzo. Kwa kawaida, madhara hayo yawe yamedumu zaidi ya miezi 6, na madai yafunguliwe ndani ya miaka 3 tangu dalili ya kwanza. Malipo ya maumivu na mateso hayazidi dola 250,000.

Madai ya bega yakawa mengi, na mwaka 2020 Wizara ya Afya ikapendekeza kuliondoa jeraha hilo katika jedwali. Hoja yake ilikuwa kwamba kosa ni la mchomaji sindano, si la chanjo yenyewe. Wapinzani walijibu kuwa chanjo ya sindano haiingii mwilini bila sindano. Uamuzi wa kuliondoa ulitolewa Januari 2021, lakini serikali mpya ikaufuta mwezi Aprili kabla haujaanza kutumika.

Fikra ya fidia isiyotafuta mkosaji imefika hata kwetu. Mwaka 2021 chanjo za UVIKO-19 ziligawanywa kupitia mpango wa COVAX, na utaratibu wa namna hiyo ukawekwa kwa nchi 92, zikiwemo Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hata hivyo, ulihusu ulemavu wa kudumu au kifo. Bega lililouma mwaka mzima kisha likapona halikuwa na nafasi humo.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa asiyeubeba, bega la mtu mmoja ni jambo dogo. Lakini kwa fundi, mkulima au mama mwenye mtoto mchanga, mkono usioinuka ni riziki iliyosimama. Chanjo hutulinda sote. Kwa hiyo wachache wanaoumia kwa ajili yake wanatudai sote. Jamii inayoomba mkono wa raia wake kwa ajili ya usalama wa wote haina budi kuukumbuka mkono huo unaposhindwa kuinuka.