Biri Sio Fegi: Mambo ya Kujua Kabla Uwashe Moja Ukiwa Mai Mahiu

Ile sigara nene ya kahawia unaona masonko wakishika kwa video, Kiswahili chake ni biri. Mtaani watu hawalijui sana hilo jina, lakini tulitumie tu, ni letu. Labda ushafikiria kubeba moja hadi viewpoint, Longonot nyuma yako, moshi mbele, picha iende Insta. Sawa. Lakini ukiivuta kama fegi utakohoa mpaka machozi yatoke, na hiyo ndio picha itabaki kwa simu za mabeshte wako.

Tuanze na kitu yenyewe. Sigara ya kawaida ni tumbaku iliyokatwakatwa ikafungwa kwa karatasi. Biri haina karatasi. Ni majani matupu: ndani kuna majani ya kujaza, yanashikiliwa na jani lingine, halafu nje kabisa kuna jani moja laini, zima, halina tundu. Hilo la nje ndilo linafanya bei ipande. Kabla ya kuviringwa kwa mkono, majani hukaushwa, kisha hurundikwa yachachuke kwa joto lake yenyewe, miezi mingi, mengine miaka. Hapo ndipo ukali hutoka na ladha inaingia. Tumbaku inayosifiwa zaidi ni ya Cuba, hasa pande za Pinar del Río, lakini Nicaragua na Dominican Republic hawako nyuma. Afrika pia tuko: jani la nje kutoka Cameroon linaheshimika sana, na Maputo kuna biri inaitwa Bongani. Tumbaku ya kwetu ya Migori, nyingi huishia kwa fegi.

Saizi zina majina. Robusto ni inchi 5 hivi, nene. Churchill ni inchi 7, na ndiyo, ni yule Winston wa Uingereza. Alizoea biri akiwa afisa kijana huko Cuba mwaka wa 1895. Mwaka wa 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni, alipita Rift Valley kwa gari la moshi la reli ya Uganda, ile iliteremka escarpment kupitia Kijabe, juu tu ya Mai Mahiu. Miaka 3 kabla, Wamaasai walikuwa wameingizwa kwa mkataba wa 1904 uliowatoa bonde hili ndio masettla wapate nafasi. So mimi nikiona biri imeitwa Churchill, siioni kama saizi tu. Wewe fanya unavyotaka.

Sasa hapa kwetu, adui wa kwanza wa biri ni hewa. Jina Mai Mahiu ni maji moto kwa Kikuyu, lakini hewa ya chini huku, miezi ya kiangazi, imekauka na vumbi ndio nyingi. Biri inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la kama nyuzi 18 hadi 21. Ikikauka, jani la nje linapasuka ukilishika tu, na moshi unakuwa mkali kama wa jiko la makaa. Ikiwa kwa joto sana, mayai ya mende wadogo wa tumbaku yanaanguliwa na wanaitoboa matundu. Wenye doo hununua sanduku la mbao za mwerezi. Wewe chukua kopo la plastiki linalofunga kabisa, lisilo na harufu ya vitunguu, uweke pakiti ya kudhibiti unyevu ndani. Usiweke sponji yenye maji ya mfereji, itaota ukungu. Usiweke kwa friji. Na dashibodi ya mat ama ya trela, hapo umeichoma kabla hata ya kiberiti.

Kuivuta ni kazi ya pole pole. Upande wa mdomo umefunikwa na kikofia kidogo cha jani. Kata milimita 2 hivi kwa kisu kikali, sio meno. Washa na kiberiti, lakini ngoja ile harufu ya kichwa cha njiti iishe kwanza. Lighter ya gesi ni poa. Ya petroli inaharibu ladha. Shikilia moto karibu na upande wa mbele, uzungushe mpaka uive wote sawa. Kisha vuta mara moja kwa dakika, moshi ukae mdomoni, uutoe. Haumezwi. Ukivuta haraka inapata joto na inachacha. Robusto moja ni dakika 45 hadi saa nzima. Jivu usiligonge-gonge, liache lianguke lenyewe.

Kusema kweli, wazee wa huku walielewa hii mambo ya utulivu kitambo. Angalia mzee wa Kikuyu ama wa Kimaasai na ugoro wake: tumbaku iliyosagwa, ikachanganywa na magadi, kwa kichupa ama kwa kipembe kinachoning'inia shingoni. Anamwaga kidogo kiganjani, anampa jirani, story inaendelea. Hakuna haraka, hakuna picha. Na hakuna mtu anasema ugoro hauna madhara.

Kwa biri, hapo ndipo watu hujidanganya. Eti kwa sababu haumezi moshi, uko salama. Zii. Moshi wa biri huachilia nikotini kupitia ngozi ya ndani ya mdomo, kwa hivyo uraibu unaingia bila mapafu kuguswa. Biri moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya fegi. Saratani ya mdomo, ya koo na ya zoloto ziko kwa hiyo bili. Anayevuta mara moja moja kwa sherehe hayuko sawa na wa kila siku, lakini hakuna kiwango kinachoitwa salama. Na usiivute tumbo tupu. Kizunguzungu na kutapika kwa mtu wa kwanza ni kawaida sana.

Ingine ni kutapeliwa. Cohiba ilianza Cuba mwaka wa 1966 na ndiyo hughushiwa zaidi duniani. Ukiuziwa Cohiba ya bei ya mutura na choma, ama kwa sanduku la kifuniko cha kioo, hiyo sio Cohiba. Afadhali biri ya kawaida ya Nicaragua kutoka duka linalojulikana Nairobi, moja tu, kuliko tano za feki.

Sheria nayo: ile ya tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia mtu chini ya miaka 18, na kuvuta kwa mat, hoteli, baa na ofisi, isipokuwa sehemu maalum iliyotengwa. Ukishikwa, faini inaweza kufika 50,000. Shisha ilipigwa marufuku kabisa Disemba 2017. Biri bado ni halali, lakini kwa hizo masharti. Kwa hivyo mahali pako ni uani kwako, watoto wakiwa mbali na upepo hauwafikii.

Na ukiwa kule juu kwa nyasi kavu za escarpment, kisiki hakitupwi. Biri haizimwi kwa kupondwa, hufa yenyewe polepole, na inaweza kukaa na moto ndani dakika kadhaa. Mwagia maji, funga kwa karatasi, shuka nacho.