Sindano ya santuri: mlinzi au mwangamizi wa sauti?

Mwaka 1928 mwimbaji mashuhuri wa Zanzibar, Siti binti Saad, alivuka Bahari ya Hindi pamoja na wanamuziki wenzake hadi Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai, kurekodi nyimbo za taarabu kwa lugha ya Kiswahili.

Santuri hizo, zenye nembo ya His Master's Voice na picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ziliuzwa katika pwani ya Afrika Mashariki.

Siti alifariki dunia mwaka 1950. Sauti yake ilibaki ndani ya mfereji mwembamba uliochongwa katika sahani, na kila aliyetaka kuisikia alilazimika kuupitisha mfereji huo chini ya sindano.

Hapo ndipo penye kitendawili cha santuri: kinachoitoa sauti ndicho pia kinachoila.

Sindano ya kutupwa

Emile Berliner, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, aliomba hataza ya gramafoni mwaka 1887. Tangu mwishoni mwa karne hiyo sahani zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu uliotoka zaidi India, uliochanganywa na unga wa mawe.

Unga huo ulikuwa na kazi maalumu. Uliisaga ncha ya sindano ya chuma cha pua hadi ikalingana na umbo la mfereji. Sindano ilikusudiwa kuisha ili santuri idumu.

Kichwa cha gramafoni kiliikandamiza sahani kwa uzito uliozidi gramu 100. Baada ya upande mmoja tu, wa dakika 3 hivi, ncha ilikwisha kuwa na kingo kali mithili ya patasi.

Kwa hiyo watengenezaji walishauri sindano moja itumike kwa upande mmoja, kisha itupwe. Ziliuzwa katika vikopo vya bati, mara nyingi 200 kwa kikopo. Walikuwapo pia waliopendelea sindano za mwanzi na za miiba, ambazo ni laini zaidi.

Aliyeirudia sindano ileile mara kumi kwa kubana matumizi aliokoa senti na kupoteza wimbo.

Almasi yaleta usahaulifu

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilizindua santuri ya plastiki inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, badala ya 78. Mfereji wake ulikuwa mwembamba zaidi: nusu kipenyo cha ncha ya sindano kilishuka kutoka takriban maikroni 75 hadi 25.

Chuma hakikufaa tena. Zikaja ncha za yakuti samawi, kisha za almasi. Katriji, yaani kichwa kinachoishika sindano, iligeuza mtikisiko kuwa umeme, na uzito ukapungua hadi gramu chache.

Almasi hudumu kwa saa 500 hadi 1,000 hivi. Kwa kuwa haikutupwa kila siku, wengi walisahau kwamba nayo huisha. Ncha hupata bapa pande mbili, na kingo za bapa hizo huikata plastiki.

Dalili ya kwanza husikika katika herufi "s" za mwimbaji, ambazo huanza kukwaruza, hasa karibu na katikati ya sahani. Hata sindano iliyowekwa kabatini miaka mingi si salama, kwani mpira unaoshika kijiti chake hukauka na kuwa mgumu.

Kubadilisha si kazi kubwa. Katika katriji nyingi za sumaku, sindano huchomolewa kwa vidole na mpya kuchomekwa pasipo kugusa nyaya. Kampuni ya Shure, iliyotoa katriji yake maarufu ya M44 mwaka 1963, iliacha biashara hiyo mwaka 2018. Lakini sindano za badala hutengenezwa na wengine, wakiwamo JICO wa Japani, walioanza karne ya 19 kwa sindano za kushonea.

Ukuta ambao haujaguswa

Kosa jingine ni kuicheza santuri ya shelaki kwa sindano ya santuri ya plastiki. Ncha hiyo nyembamba huzama hadi chini ya mfereji, palipo na vumbi na uchafu, na sauti hugubikwa na mikwaruzo.

Wahifadhi wa kumbukumbu za sauti wameugeuza ukweli huo kuwa tiba. Sindano za zamani zilikula kimo kimoja tu cha ukuta wa mfereji. Mtaalamu hujaribu ncha kadhaa, nene kidogo au nyembamba kidogo, akitafuta ile inayogusa juu au chini ya jeraha. Pale ambapo chuma hakikufika, sauti ingali nzima.

Kwa familia iliyohama Zanzibar au Mombasa ikiwa na santuri za wazee sandukuni, jambo hili si dogo. Huenda nakala nyingine ni chache, au hazipo kabisa. Sahani ikichezwa mara moja kwa sindano mbovu yaweza kuukwangua hata ule ukuta uliosalimika tangu 1928.

Busara ni kuitazama kwanza ncha ya sindano kwa hadubini, kuisafisha sahani, na kuirekodi sauti yake katika kompyuta mara ya kwanza inapochezwa. Baada ya hapo santuri yaweza kupumzika, na Siti akaendelea kuimba.