Adhabu Anayoitamani Mkosaji

Tarehe 29 Desemba 1997, kocha Don Nelson wa Dallas Mavericks alimwingiza kijana Bubba Wells uwanjani kwa kazi moja tu: kumkamata Dennis Rodman wa Chicago Bulls, awe na mpira au asiwe nao, ili apelekwe kwenye mstari wa mitupo huru. Wells alimaliza faulo zake 6 katika muda wa dakika 3 hivi, akatolewa. Rodman, aliyedhaniwa hajui kutupa, akafunga 9 kati ya 12, na Bulls wakashinda. Nelson hakukata tamaa. Haikupita miaka mitatu, mbinu hiyo ikahamia kwa mtupaji mwingine dhaifu, Shaquille O'Neal, ikabaki na jina lake hadi leo.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu anayefunga nusu ya mitupo yake, akipewa miwili, huipatia timu yake pointi 1 kwa wastani. Shambulio la kawaida katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, huleta zaidi ya hapo. Basi anayemshika mtupaji dhaifu anapunguza hasara, hasa timu yake ikiwa imeshajaza faulo za robo hiyo. Tena, kadiri timu zinavyozidi kuwa hodari wa kufunga, ndivyo kizingiti kinavyopanda: mtupaji wa asilimia 54, ambaye zamani hakuna aliyemgusa, leo naye ni windo.

Wanaotetea mbinu hii wana jibu moja wanalolirudia: ajifunze kutupa. Jibu hilo silidharau. Mstari uko mita 4.57 kutoka kwenye ubao, hakuna anayekukaba, na mchezaji analipwa mamilioni. Wilt Chamberlain, usiku ule wa Machi 1962 alipofunga pointi 100, alitumbukiza mitupo huru 28 kati ya 32 kwa kuirusha kutoka chini, mikono miwili ikipita kati ya magoti. Baadaye akaiacha staili hiyo kwa kuona haya, akamaliza maisha yake ya mchezo akiwa na asilimia 51. Rick Barry, aliyerusha vivyo hivyo, hakuona haya, naye alikaribia asilimia 90. Kwa hiyo uzembe upo, na majivuno yapo.

Ila jibu hilo linajibu swali ambalo halikuulizwa. Hapa anayeshitakiwa si mtupaji. Aliyevunja kanuni ni yule aliyemkumbatia, na faulo ni kosa kwa tafsiri ya kitabu cha kanuni chenyewe. Adhabu ambayo mkosaji anaikimbilia, anayoipangia mkakati na kuitengea mchezaji wa akiba, imeshaacha kuwa adhabu. Imekuwa bei, na bei yenyewe rahisi.

Mchezo wa Januari 2016 kati ya Houston Rockets na Detroit Pistons unaonyesha jambo hili waziwazi. Robo ya tatu inaanza. K.J. McDaniels wa Rockets hauangalii hata mpira. Anamfuata Andre Drummond wa Pistons, mtupaji dhaifu, anamkamata, filimbi inalia. Mpira unarudishwa, anamkamata tena. Mara 5 katika sekunde 9 za saa ya mchezo. Usiku huo Drummond alitupa mara 36 na kukosa 23, rekodi ya ligi, na bado Pistons walishinda 123 kwa 114. Wapo wanaoutumia ushindi huo kama ushahidi kwamba mbinu haina madhara. Mimi naona mwizi kutoka mikono mitupu hakuhalalishi kuvunja mlango.

NBA yenyewe imeshakiri nusu ya hoja hii. Kwa miaka mingi, kumfanyia faulo asiye na mpira katika dakika 2 za mwisho za mchezo kulileta mtupo 1, kisha mpira ukarudi kwa timu iliyoonewa. Julai 2016 ligi ikalipanua sharti hilo hadi dakika 2 za mwisho za kila robo. Lakini robo ina dakika 12. Kitendo kilekile, kwa mkono uleule na nia ileile, kinakuwa dhambi saa ikisoma 1:59, na ujanja halali ikisoma 2:01. Sijapata kusikia sababu ya kimchezo inayotenganisha sekunde hizo mbili. Kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, zinazotumika pia kwenye viwanja vyetu vya Afrika Mashariki, hazihitaji saa: refa akiona mchezaji hakujaribu kucheza mpira kwa haki, anaweza kuipa timu iliyoonewa mitupo 2 pamoja na mpira.

Napendekeza sharti la asiye na mpira lienee dakika zote 48, na lisiguse kitu kingine. Hofu kwamba watupaji wabovu watapata kinga haina msingi. Tofautisha mtu mwenye mpira na asiye nao. Mtupaji dhaifu kama DeAndre Jordan akipokea pasi chini ya kikapu, mlinzi akamzuia na kumgusa mkono, aende mstarini akatupe kama mwingine yeyote. Pale ameingia katika shambulio, na udhaifu wake ni sehemu ya shambulio hilo. Akiwa amesimama upande wa pili wa uwanja, mikono kiunoni, wenzake wakicheza, hajadai chochote kwa mtu. Na kocha wake akimwogopea zile pasi chache, bado ana benchi.