Kusawazisha au kusuluhisha?

Simu zenye menyu ya Kiswahili huandika "sawazisha" pale data za mahali pawili zinapotakiwa kulingana. Ni neno zuri, tumelizoea uwanjani: timu iliyofungwa ikirudisha bao, imesawazisha. Lakini ofisini halitoshi.

Tuseme duka la pembejeo lina ofisi Iringa na Mbeya, na ghala moja Makambako lenye mifuko 40 ya mbolea. Mtandao unapotea, kama ulivyotusumbua nchi nzima Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu. Iringa inauza mifuko 12 na kuandika salio 28. Mbeya inauza 9, inaandika 31. Mtandao ukirudi, programu inayofuata tu maandishi ya mwisho huenda ikaweka 31 kote. Data zimesawazishwa, na zote ni za uongo: ghalani imebaki mifuko 19.

Wahasibu wetu wana neno la kazi inayohitajika hapa. Daftari la fedha lisipokubaliana na taarifa ya benki, hufanya usuluhishi: muamala kwa muamala, hadi ijulikane tofauti imetoka wapi. Ndivyo ifanyavyo programu iliyoundwa vizuri. Kila ofisi hutuma mauzo yake, si salio, kisha hesabu hupigwa upya. Penye mgongano, mtu huulizwa.

Waundaji wa programu, tafadhali: kunakili kuiteni kusawazisha. Penye mgongano, andikeni "suluhisha".