Kizimba Kilijengewa Sufuria

Nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa pili, niliondoka na vitu vitatu: godoro, laptopu yenye skrini iliyopasuka, na sungura. Sungura hata hakuwa wangu. Jirani yangu wa hosteli alikuwa amemaliza masomo na anarudi kwao, akaniachia. Nikamwita Wiki, maana kila nikitoka sokoni yeye ndiye alikuwa wa kwanza kumaliza sukuma.

Nikamtafutia nyumba. Fundi mmoja wa kando ya barabara aliniuzia kizimba cha mbao chenye sakafu ya waya, ati kinyesi kianguke chini nisisumbuke kuosha. Bei ilikuwa poa, na kilitoshea kwa balconi. Baada ya miezi minne, Wiki akaacha kurukaruka. Nilipombeba nikaona nyayo: manyoya yameisha, ngozi nyekundu, vidonda. Kumbe sungura hana zile nyama ngumu za chini ya mguu kama paka. Ana manyoya tu, na waya huyamaliza.

Daktari wa mifugo aliniuliza, "Huyu unamfuga wa nini?"

"Wa kukaa naye tu."

"Sasa mbona umemweka kwa nyumba ya nyama?"

Nilienda nyumbani na dawa ya kupaka, na swali hilo.

Nikaanza kusoma. Mwaka wa 37 KK, Mroma mmoja kwa jina Varro, akikaribia miaka 80, aliandika kitabu cha ukulima. Anaeleza ua wa kufugia sungura: ukuta mrefu ili mbwa mwitu asiruke, vichaka na nyasi za kujificha mchana, miti yenye matawi mapana ili tai asipate njia. Anawataja hata sungura wa Uhispania, wale wanaochimba mashimo. Ndio mababu wa Wiki. Halafu anasema kitu kilichonikalisha chini: siku hizi watu wamezoea kuwatoa sungura kwa huo ua na kuwafungia kwenye vizimba, ili wanenepe.

Soma tena. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, mtu alijua nyumba nzuri ya sungura inafananaje, na alijua pia kizimba ni cha nini. Mnyama asiyetembea hunona.

Hadithi ilijirudia. Wanormani walipopeleka sungura Uingereza katika zama za kati, mabwana wenye ardhi waliwajengea matuta marefu ya udongo laini ili wachimbe kwa urahisi. Huko Dartmoor matuta hayo bado yanaonekana. Haikuwa huruma, walitaka nyama na ngozi, lakini angalau sungura alichimba. Karne ya 19 viwanda vilipojaza watu mijini, mfanyakazi hakuwa na shamba, alikuwa na kiwanja kidogo nyuma ya nyumba. Akamfuga sungura kwenye sanduku. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nyama ikitolewa kwa mgao, masanduku hayo yakaongezeka. Vita vikaisha, nyama ikarudi, sungura akawa rafiki wa watoto. Sanduku likabaki vilevile.

Na kwetu? Kama ulikuwa kwa 4K Club shuleni, unakijua hicho kizimba. Tena sisi tulichanganywa na jina. Sungura mjanja wa hadithi zetu ni yule wa porini, anayelala juu ya ardhi kwenye nyasi na kutegemea mbio. Hachimbi shimo. Huyu wa kufugwa ni mgeni, na usalama wake wote uko chini ya ardhi. Tulimpa jina la mwingine, na hatukumuuliza analala wapi.

Siku hizi shirika la Rabbit Welfare Association & Fund la Uingereza linapendekeza sungura wawili wapate mita 3 kwa 2, kimo mita 1, muda wote. Nilipima chumba changu: futi 10 kwa 10, karibu mita 9 za mraba. Yaani Wiki na mwenzake wanastahili thuluthi mbili ya mahali ninapoishi.

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Chumba changu nacho kina ukoo wake. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa Nairobi kama nguvu kazi: Muthurwa, landi za reli zilikuwa za chumba kimoja kimoja, na wengi mjini walipewa nafasi ya kitanda tu. Mke na watoto wabaki mashambani. Nyumba ilipimwa kwa kazi, si kwa maisha. Wakoloni walienda, kipimo kikabaki.

Kodi yangu siwezi kuibadilisha mwezi huu. Kizimba niliweza. Nilikivunja, mbao zikawa rafu ya vitabu. Wiki sasa ana sakafu yote, na mkeka wa kukanyaga. Ana boksi la katoni lenye milango miwili, maana mnyama anayewindwa hataki chumba chenye mlango mmoja. Ana karai la udongo. Bado hana mwenzake, na hilo ni deni langu.

Nyayo zilichukua wiki nyingi kupona. Jioni anachimba karai, udongo unaruka hadi kwa blanketi, na mimi nafagia.